Ubeti wa Lango la Tano

Ripoti ya Mpimaji ilikuwa na safu mbili. Juu ya safu ya kushoto aliandika "Ubora", juu ya ile ya kulia akaandika "Kasoro", na kwa muda wa wiki tatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, alikaa mbele ya skrini akiucheza mchezo uliotokana na filamu mashuhuri ya ufalme uliozimika taa. Kazi yake ndiyo hiyo: kucheza kama mchezaji, kutazama kama hakimu na kuandika kama karani. Wenzake ofisini walimtania kwamba amepata ajira ambayo watoto wa dunia nzima wangeifanya bure. Naye aliwajibu kwamba hata asali, ukilazimishwa kuila kwa kijiko tangu asubuhi hadi jioni, utaomba shubiri.

Katika safu ya ubora hakuwa mchoyo. Aliandika kwamba vumbi la jumba la mfalme huanguka kwa namna inayomfanya mtu atake kukohoa. Kwamba muziki wa filamu umehamishiwa mchezoni bila kudhulumiwa. Kwamba farasi huchoka, na mchezaji asiyemhurumia farasi wake hufika vitani kwa miguu. Katika safu ya kasoro hakuwa mwoga. Mlima mmoja umechorwa mara tatu na kupewa majina matatu. Askari wa adui wana sura moja wote, kana kwamba mama yao aliwazaa kwa siku moja. Na yule binti wa hadithi, ambaye katika filamu mkono humtetemeka kabla ya kuinua upanga kwa kuwa hajapata kumwaga damu, mchezoni huua watu arobaini kabla hajalifikia lango la kwanza, wala hapepesi macho. "Mchezo umerithi nguo za filamu," aliandika, "lakini haukurithi moyo wake." Msimamizi wake, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi, aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akasema ibaki.

Jambo moja hakuliandika, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyaandika.

Ili jambo hilo lifahamike, hapana budi kumtaja Maalim. Maalim alikuwa kaka wa marehemu baba yake Mpimaji, na ndiye aliyemlea na kumsomesha kama binti yake wa kumzaa tangu alipoachwa yatima wa baba akiwa na miaka tisa. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa akifundisha Kurani asubuhi, na elimu ya tungo baada ya alasiri, katika chumba kilichoshikana na ukuta wa msikiti, chenye mikeka minne, ubao mweusi, na kabati la vitabu ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umekwama na hakuna aliyekumbuka tangu lini.

Filamu ile ilipokuwa ikitiwa sauti za Kiswahili, wenye kazi walikuta ndani yake wimbo wa walinzi wa milango, beti thelathini na sita za lugha ya kigeni, wakakwama. Mpimaji ndiye aliyewaambia kwamba anamjua mtu. Maalim hakukubali upesi. Aliuliza kwanza kama katika hadithi hiyo kuna sanamu inayosujudiwa. Akaambiwa hakuna, kuna taa na milango tu. Akauliza kama kuna matusi. Akaambiwa yapo, lakini si katika beti. Ndipo alipozichukua akazigeuza kuwa utenzi, kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya kwanza vikifungana kwa kina kimoja, na kipande cha nne kikiishia kwa "ta", tangu ubeti wa kwanza hadi wa thelathini na sita, kama uzi mmoja uliopita katika shanga zote. Na kwa kuwa hakuna mwigizaji aliyeweza kuzighani bila kuzipondaponda, alizighani mwenyewe.

Filamu ilipotoka, watu walizishika beti zile kwa moyo. Madereva walizighani, wanafunzi wa sekondari walizighani, na mhubiri mmoja alizitaja mimbarini, kwa kuonya, jambo ambalo Maalim alilihesabu kuwa sifa pia.

Ubeti wa lango la tano ndio alioupenda zaidi. Hapo mlinzi humwamuru binti awashe taa nne ili daraja lijengeke juu ya shimo. Majina ya taa yalikuwa yamekwisha kupangwa na wafasiri waliomtangulia: Mwezi, Nyota, Machozi na Mizizi, na mpangilio wa mlinzi katika lugha ya asili ulikuwa huo huo. Maalim aliona mara moja kwamba Mwezi, Machozi na Mizizi ni ndugu wa kina kimoja, na kwamba Nyota ameketi katikati yao kama mgeni aliyekosea nyumba. Akamtoa pale, akampeleka mwisho anapostahiki:

Uanze kuwasha Mwezi,
Ifuate ya Machozi,
Kisha taa ya Mizizi,
Mwisho uwashe ya Nyota.

Katika filamu hakuna aliyedhurika. Wakati ubeti ukighaniwa, picha humwonyesha binti uso peke yake, na taa huwaka nyuma yake bila mtazamaji kujua ipi imetangulia. Kubadili mpangilio kwa ajili ya kina ni ruhusa ya mshairi tangu zamani, na Maalim aliitumia bila kuhisi kwamba ameitumia.

Lakini mchezo si filamu. Waliouunda walizichukua sauti za filamu wakazitia mchezoni kama zilivyo, na lango la tano wakalifanya kuwa fumbo: mchezaji humsikiliza mlinzi, kisha huziwasha taa kwa mpangilio aliousikia. Akipatia, daraja husimama. Akikosa, daraja humporomokea, na hurudishwa chini ya ngazi ambazo kuzipanda tena humchukua dakika nne nzima.

Siku ya sita ya kazi yake, Mpimaji alimsikia baba yake mkubwa akighani kwenye spika za mezani, akaziwasha taa kama alivyoamriwa, akaporomoka. Akapanda tena, akasikiliza tena, akaporomoka tena. Siku ya pili yake aliusoma mswada wa lugha ya asili, akafahamu.

Hakuliandika siku hiyo. Aliona si heshima kulipeleka kosa la mzazi wake kwa watu wa nje kabla mwenyewe hajalijua. Baada ya alasiri aliibeba kompyuta mpaka chumba cha darasa, akamwamkia, akamwonyesha. Maalim aliitazama skrini kwa makini, mikono mgongoni. Alimwona binti akiwasha taa kwa utiifu kamili, na alimwona akianguka shimoni, huku sauti yake yeye mwenyewe ikivuma juu ya shimo lile kwa utulivu.

Akasema kwamba basi kosa ni la daraja.

Mpimaji alimweleza, kichwa kikiwa kimeinama, kwamba amekwisha kuuliza. Mchezo umetengenezwa kwa lugha kumi na moja, lango ni moja kwa zote, na halibadilishwi kwa ajili ya lugha moja. Maalim akasema hawezi kuuvunja ubeti kwa ajili ya daraja la kuchorwa. Akasema pia, na hapa sauti yake ilipanda, kwamba amefundisha tungo kabla hao waliochora daraja hawajazaliwa, na kwamba kifaa ndicho kinachomfuata mtu, si mtu kukifuata kifaa.

"Nami niandike nini, Baba Mkubwa?"

"Mchezaji si mjinga. Ataanguka mara moja, mara mbili, ya tatu atavuka. Andika hivyo."

Hakuandika hivyo, kwa kuwa haikuwa kweli. Taa nne hupangika kwa njia ishirini na nne. Lakini hakuandika vinginevyo pia. Mstari wa lango la tano aliuacha mtupu katika safu zote mbili, akatia sahihi chini ya ukurasa. Adabu ndiyo iliyomfunga mkono, na aliyemfunza adabu hiyo ni Maalim.

Baada ya wiki mbili, watu arobaini walioalikwa waliletwa kuujaribu mchezo kwa Kiswahili. Waliovuka lango la tano walikuwa watatu, na wote watatu kwa bahati. Waliobaki walianguka, wakapanda ngazi, wakaanguka, mpaka wengi wakaiweka pedi ya kuchezea mezani wakasema mchezo umeharibika. Mmoja aliwauliza wahudumu kama huyo mzee wa langoni ana ugomvi naye.

Jibu kutoka kwa wenye mchezo, huko mbali waliko, lilikuwa fupi. Sauti ya Kiswahili iondolewe yote. Mchezo utoke kwa sauti za kigeni. Tena wakataka kujua ni nani aliyepima lango la tano na kutia sahihi.

Msimamizi alimwambia Mpimaji afike kesho yake saa tatu asubuhi na maelezo. Mkataba wake wa muda ulikuwa ukiisha mwisho wa mwezi, na ule wa kudumu, alioungojea kwa miaka minne, ulikuwa juu ya meza ya Msimamizi ukisubiri kalamu. Mpimaji alirudi kwenye kiti chake akaandika maelezo ya mistari miwili: kwamba lango la tano alilipita kwa haraka bila kulijaribu, na kwamba uzembe huo ni wake peke yake.

Maalim asingelijua hayo kama si fundi sauti. Huyu walimpa jina la Kimya, kwa sababu neno hilo ndilo alilolitamka kuliko jingine lolote maishani mwake. Mchana huo alimpigia Maalim simu kumuuliza kama anayo kanda nyingine yoyote ya ubeti ule, hata ya majaribio. Maalim akauliza kuna nini. Kimya, ambaye hakuzoea maneno mengi, aliyasema yote.

"Anasema alilipita tu, Maalim. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Siku mbili nzima nilimsikia akiporomoka."

Maalim aliiweka simu juu ya mkeka, asiinyanyue tena. Kwamba kazi ya binti yake imo hatarini lilimuuma. Lakini kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki ni kwamba mtoto aliyemlea kwa kweli, kesho atasimama mbele ya watu kusema uongo, na uongo wenyewe umeshonwa ili umsitiri yeye. Aliona kwamba alikuwa amewaelekeza watu shimoni kwa maneno matamu, na kazi hiyo anamjua mwenyewe ni nani, wala si malaika.

Akachukua karatasi. Hakuwa mtu wa kukata tamaa ya ubeti kabla hajaujaribu. Akamrudisha Nyota nafasi ya pili na kuanza kumtafutia makao. Angeweza kulificha jina katikati ya kipande na kuumaliza kwa neno jingine lenye "zi", lakini Kimya alikuwa amemweleza kwamba haiwezekani: mchezo umepangwa ili kila taa itikisike pale kipande kinapomalizika, kwa hiyo jina la taa lazima liwe neno la mwisho. Angeweza kubadili majina ya taa, lakini yametajwa mchezoni na katika filamu mara nyingi mno. Angeweza kuukana ule uzi wa "ta", lakini umeshapita katika beti thelathini na tano nyingine zinazojulikana na watu. Angeweza kuongeza ubeti wa pili, lakini muda wa mlinzi ni sekunde kumi na mbili, basi. Aliandika, akafuta, akaandika. Alisimama kwa sala ya alasiri, akarudi. Wanafunzi wakaja, akawaruhusu waende zao. Hata jua lilipokaribia kuzama alikuwa na beti mbili mbele yake, mmoja mzuri unaoangusha watu na mmoja kilema unaowavusha, na hakuna wa tatu.

Hakumwita Mpimaji. Alijua akimwita atambembeleza asiende.

Asubuhi alivaa kanzu safi, akafika ofisini saa tatu kamili. Mlangoni palisimamishwa picha ya binti wa filamu, ya karatasi ngumu, ndefu kuliko mtu, upanga mkononi. Msichana wa mapokezi alimwomba aandike jina na shughuli iliyomleta. Penye shughuli aliandika "Kusahihisha", akapandishwa ghorofa ya tatu.

Chumba cha kikao kilikuwa na ukuta wa kioo, akamwona binti yake kabla hajamsikia. Alikuwa amesimama, karatasi yake ya mistari miwili mkononi, midomo ikienda. Maalim alibisha hodi na kuingia papo hapo.

Msimamizi alivaa miwani yake, akamtazama, akamwamkia kwa heshima, kisha akasema kwamba anamkaribisha sana lakini kikao hicho ni cha watu wa kazi hiyo.

"Nami ndiye mwenye kazi hiyo," alisema Maalim. "Lango la tano hakulipita kwa haraka. Aliliona tangu alipolifikia mara ya kwanza, akaniletea. Mimi ndiye niliyekataa kulirekebisha, na ndiye niliyemwambia wachezaji watavuka wenyewe."

"Baba Mkubwa, tafadhali."

"Nyamaza, mwanangu. Ulinyamaza pasipo mahali pake kwa ajili yangu. Hapa ndipo mahali pake."

Msimamizi alimgeukia Mpimaji akamuuliza kama ni kweli. Mpimaji aliikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

"Ni kweli," alisema. "Niliona nikiliandika hilo nitakuwa nimemwandika yeye."

Kisha Msimamizi akasema, bila ukali lakini bila huruma, kwamba dakika tano zilizopita alikuwa na mtu mmoja asiyejua, na sasa ana watu wawili waliojua. Akamuuliza Maalim kama anadhani amemsaidia.

Maalim alijibu kwamba hakuja kumpunguzia binti yake kosa, amekuja kulichukua lililo lake. Lililobaki ni la binti, nalo ni kwamba alimheshimu mtu kuliko alivyoiheshimu kazi. Alisema hajui sheria za ofisi zinalihesabuje kosa hilo, lakini lilitoka nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyelipanda.

Msimamizi alitazama saa ya ukutani. Akasema kwamba wenye mchezo wanangoja jibu leo, kabla ofisi zao hazijafungwa. Lango likipitika, atawaandikia waiache sauti ya Kiswahili. Na kuhusu Mpimaji ataamua akishaona kwa macho yake.

"Unao ubeti mwingine, Maalim?"

"Ninao. Ni mbaya."

"Unapitika?"

"Unapitika."

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zake zimebandikwa sponji nyeusi, na kwenye mlango Kimya alikuwa ametundika blanketi kuukuu kuzuia mlio wa lifti. Maalim alisimama mbele ya kipaza sauti, karatasi juu ya stendi, ubeti umeandikwa kwa herufi kubwa:

Uanze kuwasha Mwezi,
Kisha uiwashe Nyota,
Ifuate ya Machozi,
Mwisho uwashe Mizizi.

Kimya aliinua kidole. Maalim akaanza, akasema Mwezi, na ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye Machozi. Akaomba radhi. Mara ya pili, macho yakiwa juu ya karatasi, ulimi ulikwenda kule kule. Sikio lililofundishwa miaka sitini kwamba "zi" hufuatwa na "zi" halikuweza kuamriwa kwa asubuhi moja. Lilimvuta kama punda anayejua njia ya nyumbani. Mara ya tatu alimtamka Nyota, na wote waliokuwa upande wa pili wa kioo, hata wasiojua mizani ni nini, walisikia kitu kimekatika.

Kimya alibonyeza kitufe cha kuzungumzia.

"Umepatia maneno, Maalim. Lakini kwenye Nyota sauti yako inaomba msamaha. Mlinzi wa lango haombi msamaha. Anaamuru."

Maalim alitikisa kichwa kukubali. Alikunywa maji. Alifumba macho, akaiacha ile karatasi, akasoma bismillahi kimoyomoyo, akaughani ubeti kwa sauti kavu na nzito, kila kipande kikianguka kama kufuli: Mwezi, Nyota, Machozi, Mizizi. Hakuinyanyua sauti penye kilema wala hakuishusha. Ilikuwa mara ya nne. Kimya aliangalia mshale wa saa yake, akasema sekunde kumi na mbili kamili.

Ubeti ulipotiwa mchezoni, Mpimaji alikaa kwenye kiti chake cha wiki tatu, akacheza, na daraja likasimama. Msimamizi hakuridhika. Alisema Mpimaji anaijua njia hata usingizini. Aliagiza aletwe msichana wa mapokezi, ambaye hakupata kuishika pedi maishani mwake, akaonyeshwa kitufe cha kutembea na kitufe cha kuwasha, basi. Binti wa mchezo alitembea kama mlevi, akagonga ukuta, akageuka, akafika langoni. Mlinzi akaghani. Msichana wa mapokezi alikwenda kwenye Mwezi, akarudi kwenye Nyota, akaenda Machozi, akamaliza kwa Mizizi. Mawe yakapanda moja moja kutoka shimoni, yakashikana.

"Kumbe rahisi hivi," alisema. "Sasa watu arobaini walikuwa wanalia nini?"

Maalim alikuwa akimtazama binti wa kuchorwa akivuka juu ya ubeti wake mbovu, hatua kwa hatua, hata akafika ng'ambo.

Alasiri hiyo Msimamizi aliwaandikia wenye mchezo, wakakubali sauti ibaki. Kuhusu Mpimaji, mkataba wa kudumu aliurudisha sandukuni. Akampa miezi mitatu mingine chini ya ule wa muda, akamwambia kwamba mwisho wa miezi hiyo ataufungua tena au hataufungua. Na kwamba habari hii haitatoka nje ya chumba kile, kwa kuwa mpimaji akishajulikana kwamba huficha, hata siku atakayosema kweli hasadikiwi. Kisha akamrudishia ripoti aijaze. Katika safu ya kasoro, penye mstari uliokuwa mtupu, Mpimaji aliandika: "Lango la tano: tafsiri ya awali ilipotosha mpangilio wa taa. Imerekebishwa. Ubeti uliorekebishwa una dosari ya vina." Alimtazama baba yake mkubwa kabla ya kuweka nukta. Maalim alisema aongeze jina la mfasiri, ili kosa lisibaki bila mwenyewe. Akaliongeza.

Mchezo ulitoka baada ya mwezi. Watu wakausifu na kuutia ila, kila mmoja kwa macho yake. Wakasifu vumbi, muziki, na yule farasi anayechoka. Wakalaumu mlima uliochorwa mara tatu na binti aliyepoteza utu wake njiani. Na wale waliokuwa wameshika beti za filamu kwa moyo wakaona jambo jingine.

Habari hiyo aliileta Mshonaji. Huyu alikuwa fundi wa kanzu, mtunzi naye, mtani wa Maalim tangu ujana wao. Na kwa miaka thelathini alikuwa akizitafuta beti za Maalim tundu, asipate. Hakuwa mtu wa filamu wala wa michezo. Aliyoyajua aliyajua kwa wateja. Aliingia darasani kabla ya alasiri, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaketi juu ya mkeka na kusema kwamba ana pole ya kumpa.

"Pole ya nini?"

"Wateja wangu wanasema umezeeka."

"Wamechelewa kujua."

Mshonaji hakucheka. Alitoa kipande cha karatasi alichoandikiwa na mteja, akausoma ubeti wa lango la tano polepole, akisita kwenye Nyota kama mtu aliyejikwaa. Akasema kwamba maneno yameenea. Wanasema katika filamu beti zilikuwa sawasawa, na katika mchezo mzee kazidiwa, kakisahau hata kina cha bahari, ule uzi wa "ta" unaofunga kila ubeti, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halisahau. Wengine wanasema tangu mwanzo hakutunga yeye. Alisema aliwakatalia, lakini alikosa la kuwajibu, ndiyo sababu amekuja kuuliza mwenyewe.

Maalim alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la sentensi moja. Lakini hiyo sentensi isingeweza kufika kwa Mshonaji, na kutoka kwa Mshonaji kwa wateja wake, bila kupita juu ya jina la binti yake. Kwani anayeuliza kwa nini ubeti ulibadilishwa huuliza pia kwa nini haukubadilishwa mapema, na nani aliyenyamaza. Ilikuwa wiki ya sita ya ile miezi mitatu. Ukweli alikwisha kuusema mahali ulipodaiwa. Hapa kilichodaiwa ni fahari yake tu.

"Ni kweli," alisema. "Kina kimekatika."

Mshonaji aliitia ile karatasi mfukoni. Ushindi alioungojea miaka thelathini ulikuwa umemwangukia mapajani kama tunda bovu, na hakuufurahia. Aliinuka, akachukua chaki, akasimama mbele ya ubao.

"Mbona jambo dogo, ndugu yangu? Huyu Nyota ndiye anayekuharibia. Mtoe katikati ya wenziwe, umpeleke mwisho." Akaandika, mkono wake wa fundi ukiinyoosha mistari kama mishono, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Vilikuwa vipande vinne, na havikupungua neno wala kuzidi neno kwa vile ambavyo Maalim alivitunga mara ya kwanza.

Maalim aliusoma ubao tangu juu hadi chini, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena.

"Umepatia," alisema. "Ni ubeti mzuri."

Mshonaji alishika kifutio, akitaka kuufuta kwa adabu, asimwaibishe mwenziwe mbele ya wanafunzi. Maalim alimwambia auache. Wanafunzi wa tungo, watoto ambao hawajaiona filamu, walipoingia baada ya sala waliukuta pale, wakauliza ni wa nani. Akawaambia ni wa Mshonaji, wafungue madaftari waunakili, na jina lake waliandike chini.